Daftari la Chiriku

Daktari wa kliniki ile tulimpa jina la Mapema, na jina lilimkaa sawasawa kuliko makoti yake. Kila alipofungua mdomo lilitoka neno hilohilo: tuwahi mapema, tugundue mapema, tuzibe mapema. Nadhani hata mkewe alimposa mapema, kabla hajajua kama anampenda. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfulia na kumpigia pasi makoti yake meupe, manne kila Alhamisi, kwa hiyo nilianza kumjua kutoka mifukoni. Mfukoni mwa daktari wa magonjwa ya akili mna maganda ya peremende, kalamu zisizo na vifuniko, na vikaratasi alivyojiandikia asisahau. Kimoja kilisema: "Tabasamu." Hakikuwa na neno lingine. Nilikipiga pasi nikakirudisha mfukoni, maana mwenyewe alikuwa anakihitaji.

Mara moja kwa mwezi aliwakusanya wazazi kwenye ukumbi wa ghorofa ya pili, akawasha mashine yake ya kurusha picha ukutani, akawaonyesha ubongo uliopakwa rangi ya bluu na nyekundu. Bluu nzuri, nyekundu mbaya. Wazazi walitazama ubongo ule kama watu wanaochagua kitambaa. Halafu taa zikawashwa na mimi nikaitwa mbele, nimevaa fulana ya kliniki iliyonibana kwapani, niseme maneno yangu. Nilikuwa na sentensi moja ya lazima: "Laiti ningetibiwa mapema, nisingepoteza miaka yangu." Nikishasema, walipiga makofi, wakanywa chai.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba sentensi ile ilikuwa ya kweli.

Niliugua nikiwa na miaka ishirini na mitano. Sisi madobi tunatia alama kwenye kola ya kila nguo ili shati la huyu lisiende kwa yule: herufi na namba, kwa uzi mwekundu. Mimi nikaanza kuona kwamba alama zile ni barua zangu. Sikumjua anayeniandikia, ila alikuwa na mengi ya kusema. Miaka miwili nilisoma kola za watu. Nyumbani walisema nina kiburi, kisha wakasema nina jini, kisha wakasema nina bwana wa siri. Mume wangu akalipenda hilo la tatu, akaondoka nalo. Walioniona ninapotea walikuwa wengi, na hakuna aliyefungua mdomo mpaka mwishoni kabisa, karibu na siku nilipofikishwa hospitali nimefungwa kamba ya kuanikia nguo, kamba yangu mwenyewe ya kazini, vibanio vingine bado vinaning'inia. Manesi walicheka. Leo na mimi nacheka, lakini ilinichukua muda.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba mgonjwa aachwe tu. Nimeachwa. Najua kunavyokuwa.

Basi, mwezi mmoja, katika wale waliokaa kutazama ubongo wa rangi, nikamwona mdogo wangu. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke ambaye angeweza kuikosoa barua ya rambirambi kwa wino mwekundu na kuipa saba juu ya kumi. Pembeni yake mumewe, shemeji yangu, msoma mita za umeme. Miaka ishirini anazunguka na kitabu chake, anachungulia kisanduku, anaandika namba, anaondoka bila kumuuliza mtu hali yake. Nilipoteremka kutoka mbele nikawatania kwamba wamekuja kunipigia makofi. Mdogo wangu hakucheka. Alisema wamekuja kwa ajili ya Chiriku.

Chiriku ni binti yao. Tulimpa jina hilo tangu ana miaka mitatu, kwa sababu alikuwa hanyamazi. Akila anaongea, akioga anaongea, akilala anamalizia aliyosahau mchana. Sasa ana miaka kumi na tisa, yuko mwaka wa kwanza chuo cha ufundi, anajifunza kuchora ramani za nyumba. Na tangu muhula wa pili uanze, amenyamaza. Amefeli mtihani mmoja. Anakaa chumbani. Hapokei simu za rafiki zake.

Nikamwambia mdogo wangu kwamba mtoto wa miaka kumi na tisa aliyefeli mtihani akanyamaza ni mtoto mwenye akili zake. Akanijibu kwa sauti ile ya darasani kwamba wengine hawana haja ya kubahatisha, wana damu ya kuwaonya. Damu hiyo ilikuwa mimi. Nilikuwa nimevaa fulana, nimeshika kikombe cha chai, na nimetajwa kama ufa kwenye msingi wa nyumba.

Chiriku akapelekwa kwa Mapema, akajibu maswali kumi na sita, akapata alama za kutosha kuitwa "aliye ukingoni". Si mgonjwa, si mzima: yuko ukingoni. Mapema akampa mama mtu daftari lenye jalada la kijani, la kuandika kila siku tabia za binti, na akasisitiza binti asiambiwe, ili tabia zisiharibike. Kumpa mdogo wangu daftari la kukosoa watu ni kumpa mlevi funguo za baa.

Wiki ya tatu niliitwa nilisome, kwa kuwa mimi ni mzoefu. Ndivyo walivyosema, mzoefu, kama vile nilikuwa nahodha. Nikaketi sebuleni nikalifungua, na nikiri kwamba nilicheka mpaka nikajishika mbavu. Mama alikuwa ameandika kwa mtindo wa ripoti ya muhula: "Usafi wa chumba, wastani. Heshima, imeshuka. Amecheka peke yake jikoni (alikuwa na simu). Ajitahidi zaidi." Baba naye alikuwa amepiga mistari akagawa safu, kama anasoma mita: "Saa 12:40 asubuhi, amefungua friji, hakuchukua kitu. Saa 12:55, friji tena, hakuchukua kitu. Saa 1:10, amechukua kitu." Ukurasa mmoja mzima ulikuwa wa choo: kuingia, kutoka, jumla ya dakika.

Halafu nikaacha kucheka. Tarehe kumi na nne: "Ameziba tundu la kitasa kwa karatasi." Tarehe kumi na sita: "Amegeuza kitanda, hakionekani tena kutoka mlangoni." Tarehe kumi na saba: "Ameuliza kwa nini baba yuko koridoni." Tarehe ishirini, kwa wino mwekundu na kupigiwa mstari mara mbili: "Anadai tunamchunguza."

Nikamuuliza shemeji alikuwa anafanya nini koridoni. Akasema alikuwa anaandika.

Tena niseme na hili, maana nikiwasema wenzangu nisijisitiri: hata mimi nilipewa zamu za Jumapili, nikaandika. Mstari mmoja tu. "Amenisalimia vizuri kupita kiasi." Mimi, niliyesomwa na kuandikwa na kila daktari wa wodi ile, nilishika kalamu nikamwandika mtoto kwa kosa la adabu. Nikiukumbuka mstari huo natamani kuutafuna.

Alhamisi iliyofuata ndipo mambo yalipochacha. Mdogo wangu alinipigia simu kazini, pasi iko mkononi, akasema Chiriku amemwambia daktari kwa mdomo wake kwamba nyumbani watu wanamfuatilia na kuandika habari zake. Daktari amempa alama zote za swali la shuku. Amevuka mstari. Vidonge vinaanza Jumatatu.

Nilibeba yale makoti manne mwenyewe, sikusubiri mtu aje kuyachukua. Mapema alikuwa ofisini, anakula biskuti juu ya faili. Nikamweleza polepole, kama mtu anayemsomea kipofu barua, kwamba binti ameshuku anafuatiliwa kwa sababu anafuatiliwa. Kwamba anaamini anaandikwa kwa sababu anaandikwa, na daftari lenyewe amelitoa yeye daktari, la kijani, kurasa mia moja.

Alinisikiliza vizuri. Akatabasamu, alikumbuka. Akasema shuku ni shuku, iwe na sababu au isiwe nayo, na fomu haina sehemu ya kuandika sababu.

Nikamwuliza, katika mia wanaofanana na Chiriku, wangapi huishia kuugua kweli. Akasema kwa hesabu ya kliniki yake, kama ishirini.

"Kwa hiyo wale themanini wanameza dawa kwa niaba ya wenzao," nikasema. "Wananenepa kwa niaba yao, wanasinzia darasani kwa niaba yao, mate yanawatoka kwa niaba yao. Hata shukrani hawapati."

"Na wale ishirini, mama?" akauliza.

Aliuliza bila ujeuri, kapumzisha biskuti. Na mimi, mwenye mdomo mrefu kuliko mkono, nikayahamishia makoti bega la pili. Mmoja wa wale ishirini alikuwa amesimama mbele yake na makoti begani. Vidonge vile ninavyovidharau ndivyo vilivyonirudisha kazini. Mwaka wa kwanza nilikuwa naunguza mashati kwa usingizi, mikono inatetemeka, kiuno kimepotea na hakijarudi, lakini kola zilinyamaza. Angetokea Mapema wa zamani zile akanishika mkono mwezi wa pili badala ya mwaka wa pili, labda leo ningekuwa na mume wa kumlalamikia.

Akaona amenipata, akaniongezea. Alisema Chiriku hawaamini tena wazazi wake, na hata yeye daktari hamwamini, lakini mimi ananipenda. Kwa hiyo Jumatatu nije, niweke sahihi kama ndugu, na niwe mimi wa kumpa vidonge kila jioni. Kwangu atakubali.

Nikamwambia nitafikiri. Hilo ndilo jibu la waoga wote duniani, na mimi siku hiyo nilikuwa mwenyekiti wao.

Jumapili mchana nilikwenda zamu yangu. Mdogo wangu alikuwa kwenye kikao cha walimu, shemeji analala mbele ya televisheni. Nikachukua daftari kutoka juu ya kabati la vyombo, nikapita nalo koridoni, nikabisha mlango wa Chiriku. Nikalazimika kusema mara tatu kwamba ni mimi na niko peke yangu.

Chumba kilikuwa nadhifu kuliko kilivyoandikwa. Mezani palikuwa na mchoro wa nyumba ya vyumba vitatu, mistari myembamba safi, na nikaona kwamba hakuna mlango uliotazamana na mlango mwingine. Nikampa daftari. Sikulipamba kwa maneno. Nilimwambia: hili ni lako, wewe ndiye uliyemo ndani.

Alisoma amekaa chini, mgongo kwenye kitanda. Kwenye friji alicheka, kicheko kile cha zamani, cha kuruka kama maji yanayochemka, mpaka nikageuka kutazama mlango asije akaamka baba yake akaenda kukiandika. Kwenye choo aliacha kucheka. Alipofika kwenye mstari wangu aliutambua mwandiko, akaniangalia.

"Hata wewe, mama mkubwa."

"Hata mimi, mwanangu."

"Ningekusalimia vibaya ungeandika nini?"

Nikamwambia ningeandika kwamba amenisalimia vibaya. Hakukuwa na salamu ya kumwokoa. Akafikiri kidogo, akasema afadhali, maana kwa wiki tatu alikuwa anadhani amechanganyikiwa. Anasikia nyayo koridoni, akifungua mlango anamkuta baba yake anatazama dari. Sasa amejua nyayo zilikuwa nyayo.

Hapo nilijiona mshindi. Nasema ukweli: nilikuwa tayari nimeshaanza kutunga nitakavyomchamba Mapema kesho, tena mbele ya nesi wake, na sentensi mbili zilikuwa zimeshakaa vizuri kabisa. Chiriku akalifunga daftari, akaliweka kwenye mapaja.

"Lakini wameandika vitu vya kijinga," alisema. "Chenyewe hawakukiona."

Nikamuuliza chenyewe kipi. Nikaketi chini pembeni yake.

Alisema ni tangi la maji lililo nyuma ya dirisha. Likiwa linajaa, anasikia jina lake. Si kila siku. Mara ya kwanza ilikuwa wiki ya mitihani. Alitoka nje kuangalia nani anamwita. Siku hizi linaongeza na maneno mengine, mafupi, na si mazuri. Anajua ni maji. Anajiambia ni maji. Simu za rafiki zake hapokei kwa sababu anaogopa wakisema jambo atashindwa kujua kama wamesema wao.

Zile sentensi zangu mbili nzuri zikanywea.

Nilimuuliza maswali yangu mwenyewe, si yale ya fomu. Yakisema, yanajua mambo ambayo wewe huyajui? Hapana. Unaona haya kuyakatalia? Wakati mwingine. Yameanza kuonekana kama yana haki ya kusema? Akanitazama kwa mshangao, akasema bado.

Nilikuwa nimetaka awe mzima ili nimshinde daktari. Si kwa ajili yake. Nimewacheka watu wote wa hadithi hii, basi na mimi nichekwe: mdogo wangu alikuwa anatafuta makosa, shemeji anatafuta namba, Mapema anatafuta alama, na mimi nilikuwa natafuta ushindi. Wanne tumemzunguka mtoto, hakuna aliyemuuliza.

Nikamweleza yote ninayoyajua kuhusu vidonge, mazuri na mabaya, hata ya kiuno. Nikamweleza ishirini na themanini. Nikamwambia sijui yeye yuko wapi kati yao, na Mapema pia hajui, ila yeye analipwa ili aonekane anajua. Chiriku alisikiliza kama anapewa vipimo vya kiwanja.

Jumatatu saa tatu tulikuwa ofisini kwa Mapema, watano kwenye chumba cha watu watatu. Shemeji alisimama karibu na dirisha. Fomu ilikuwa mezani imejazwa, imebaki sahihi yangu tu. Sahihi ya Chiriku haikuwa na mahali pake. Miaka kumi na tisa, anachora nyumba watu watakazoishi, na sehemu ya jina lake ilikuwa juu tu, kwenye kichwa cha faili.

Nilisema siweki sahihi. Mdogo wangu akaniita dada kwa namna ambayo ingetosha kunipeleka nje ya darasa. Akasema, na sauti yake ikakatika katikati, kwamba mimi nilipougua yeye alikuwa na miaka kumi na saba, aliona kila kitu, alijua, akanyamaza kwa sababu aliambiwa mambo ya wakubwa si yake. Na kwamba hatanyamaza mara ya pili kwa mtoto wake, hata tukimcheka. Miaka yote hiyo sikujua kwamba alikuwa mmoja wa walioona.

Chiriku ndiye aliyejibu. Aliweka daftari mezani, akasema limeandikwa na watu watatu waliokuwa wakitazama mahali pasipo penyewe, na kwamba jambo lenyewe analo yeye, na atalisema akitaka. Vidonge hatavianza leo. Kuja atakuja, kila wiki. Koridoni asione mtu. Akanigeukia.

"Na wewe mama mkubwa, ukiniona nakwenda kule ulikokwenda wewe, uniambie usoni. Mimi kwanza, kabla ya mtu mwingine."

Nikamwambia ukweli, kwa sababu alikuwa ananidai angalau huo. Nilimwambia kwamba hata mimi, mwishoni, walitokea watu wakaniambia. Sikuwasikia. Niliona wametumwa.

"Siku hiyo ukinikatalia je?" nikamuuliza.

Shemeji aliacha kutazama dirisha. Chiriku alikuna ukingo wa meza kwa kucha.

"Siku hiyo msiniulize tena, nitibuni tu," akasema. "Lakini leo niulizeni."

Mapema alitazama fomu yake upande wa mbele, akaigeuza upande wa nyuma, kulikuwa kweupe. Nilingoja atabasamu, nimchukie kwa raha. Hakutabasamu. Alichukua kalamu, akaandika kule nyuma maneno ya binti kama yalivyo, polepole, ya siku hiyo na ya leo, akamsukumia aweke sahihi. Halafu akavuta kiti chake akakileta upande wetu wa meza, akamuuliza angependa kuanzia wapi.

"Kwenye tangi la maji," Chiriku alisema. "Ila mama na baba watoke."

Wakasimama. Mimi nikajinyoosha vizuri kwenye kiti changu, mzoefu, msiri, mama mkubwa wa kutegemewa.

"Na wewe pia," akasema.

Nikatoka. Tulikaa watatu kwenye benchi la nje, mlango umefungwa, mdogo wangu katikati. Sauti ya Chiriku ilisikika ndani, maneno hayakusikika, na hakuna kati yetu aliyejua mikono yake aiweke wapi.